Mirihi, Sayari Ndogo Iliyopoa Mapema

Fundi anayechimba msingi wa nyumba kati ya Kawangware na Kibera hupita kwanza kwenye udongo mwekundu. Kila mtoto wa mtaa wa Nyayo Highrise anaujua udongo huo: mvua ikinyesha unanata kwenye viatu, kiangazi kikija unapeperuka na kutua juu ya nguo zilizoanikwa. Sururu ikizidi kwenda chini, rangi hubadilika, na hatimaye chuma hugonga mwamba wa kijivu. Mwamba huo ni lava, yaani mawe yaliyoyeyuka ndani ya ardhi, yakabubujika, yakatiririka na kupoa mamilioni ya miaka iliyopita wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likifunguka. Udongo mwekundu ulio juu umetokana na mwamba wa namna hiyo hiyo. Mvua na joto viliuvunjavunja, maji yakachukua madini yanayoyeyuka, chuma kikabaki, kikashikana na oksijeni. Chuma kikishikana na oksijeni huwa kutu. Wekundu wa Kibera, basi, ni kutu.

Mnamo Agosti 2012 Shirika la Anga la Marekani, NASA, lilitua gari la roboti liitwalo Curiosity kwenye sayari ya Mirihi, na Februari 2013 gari hilo likatoboa jiwe kwa mara ya kwanza. Kwa nje jiwe lilikuwa na wekundu ule ule uliotanda kila mahali. Unga uliotoka ndani ya tundu, lenye kina cha sentimita 6 hivi, ulikuwa wa kijivu. Sayari nzima tuliyoizoea kuiita nyekundu imefunikwa tu na vumbi la kutu, na chini ya vumbi hilo kuna mawe ya kijivu, mengi yao yakiwa lava. Tuna sayari mbili jirani, basi, zenye chuma, lava na kutu. Moja ina mito, mashamba na watoto. Nyingine ni jangwa la baridi kali lisilo na kijito hata kimoja. Kwa nini zikatofautiana hivyo? Jibu nitakalolitetea katika sura hii ni fupi: Mirihi ni ndogo. Ilianza na vifaa vinavyofanana na vyetu, lakini haikuwa na ukubwa wa kuvitunza.

Tuanze na vipimo. Kipenyo cha Dunia ni kilomita 12,742 na cha Mirihi ni kilomita 6,779, zaidi kidogo ya nusu. Usidanganyike na hiyo nusu. Tufe lenye kipenyo cha nusu halibebi nusu ya vitu, hubeba sehemu moja tu ya nane, maana limepungua urefu, upana na kimo kwa pamoja. Ukiichukua Mirihi yote na kuipima, ina kama sehemu moja ya kumi ya vitu vilivyomo katika Dunia. Uso wake haukupungua kiasi hicho, kwani eneo lake linakaribia kutoshana na nchi kavu yote ya Dunia, mabara yote yakijumlishwa. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Joto la sayari hukaa ndani na hutokea kwenye uso. Uji ulio katika sufuria kubwa ya shule hukaa moto mpaka mtoto wa mwisho kwenye foleni apate, ilhali ule uliomiminwa kwenye kikombe umeshapoa. Uji ni mmoja, ila kikombe kina uso mwingi wa kutolea joto na uji mchache wa kulihifadhi. Dunia na Mirihi ziliumbika karibu wakati mmoja, miaka bilioni 4.5 hivi iliyopita, zote zikiwa moto mno. Mirihi ndiyo iliyokuwa kikombe.

Dalili za kupoa huko zinaonekana kwenye milima na mabonde yake. Mlima Kenya una mita 5,199 na Kilimanjaro una mita 5,895. Mirihi ina volkano iitwayo Olympus Mons ambayo kilele chake kiko takriban kilomita 22 juu, na kitako chake kina upana wa kilomita 600 hivi. Ukingo wake mmoja ukiuweka Nairobi, ule mwingine utapita Mombasa na kuingia baharini. Ajabu ni kwamba anayesimama juu yake asingeona mlima, kwa sababu mteremko wake ni wa taratibu sana na sehemu za chini hujificha nyuma ya upeo wa macho. Mtoto mdadisi atasimama hapa aseme: kama sayari hii ilipoa mapema, mbona ina volkano kubwa kuliko zote tulizo nazo? Swali hilo ni la haki, na jibu lake linaipa hoja yetu nguvu. Ganda la Dunia limekatika vipande vikubwa vinavyosogea polepole juu ya miamba yenye joto iliyo chini. Penye chemchemi ya lava, ganda husogea na kuiacha, kwa hiyo badala ya mlima mmoja mkubwa sana tunapata msururu wa milima, kama visiwa vya Hawaii. Ganda la Mirihi lilipoa likawa nene, gumu, kipande kimoja kisichosogea. Lava ilitokea mahali pale pale kwa mamia ya mamilioni ya miaka na kurundikana. Uvutano wa huko nao ni dhaifu, kama asilimia 38 ya wetu, hivyo mlima haujiangushi kwa uzito wake. Ukubwa wa Olympus Mons hautuambii kwamba moto ulikuwa mwingi. Unatuambia kwamba ganda lilisimama.

Bonde la Ufa latoa ushahidi mwingine. Milima ya Ngong, inayoonekana upande wa magharibi kutoka Highrise anga ikiwa safi, ni mabaki ya volkano ya kale, na kutoka mgongoni mwake unaliona bonde likiporomoka kuelekea Magadi. Bonde hilo lilianza ardhi ilipovimba, ikavutwa, ikapasuka, na bado inaachana kwa milimita chache kila mwaka. Chini yake pana joto jingi kiasi kwamba mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, huzungusha mitambo inayotoa sehemu kubwa ya umeme wa Kenya. Mirihi nayo ina ufa, Valles Marineris, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 4,000 na kina kinachofikia kilomita 7 mahali pengine. Wanasayansi wengi wanaamini kwamba ulianza kwa njia inayofanana na ya kwetu, kando ya uvimbe mkubwa wa ardhi uitwao Tharsis, kisha maporomoko yakaupanua. Tofauti ni kwamba ufa wa Mirihi ulikwama. Ganda lilikuwa limekuwa nene mno kuendelea kuachana, na joto la chini halikutosha kulisukuma. Tusiseme sayari hiyo imekufa kabisa, kwa maana chombo cha InSight kiliisikiliza kuanzia 2018 hadi 2022 na kikanasa matetemeko zaidi ya 1,300. Lakini mengi yalikuwa madogo sana.

Tumezungumzia miamba. Tugeukie hewa, maana hapo ndipo udogo unapogusa uhai wenyewe. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na kwa sababu hiyo maji ya chai huchemka Highrise kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi, wakati Mombasa huchemka kwenye 100. Hewa ya Mombasa ni nzito zaidi, hivyo hukandamiza maji na kuyazuia yasigeuke mvuke upesi. Kadiri hewa inavyopungua, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo. Hewa ya Mirihi hukandamiza kwa kiasi kisichofika hata asilimia 1 ya yetu. Ukimimina ndoo ya maji huko saa sita mchana, katika eneo lake la ikweta ambako ardhi huweza kufika nyuzi 20, maji yataanza kuchemka bila moto, mvuke utachukua joto lake, na yatakayobaki yataganda. Barafu ipo, tena nyingi. Chombo cha Phoenix kiliifukua mwaka 2008 kwa kukwangua udongo tu. Mto ndio usioweza kuwepo. Hewa hiyo chache, ambayo asilimia 95 yake ni kaboni dioksidi, haiwezi pia kutunza joto la mchana, kwa hiyo kabla ya mapambazuko mahali palepale pa nyuzi 20 huweza kushuka chini ya nyuzi 70 za ubaridi. Uchache huo wa hewa ndio sababu anga ya mchana huko ina rangi ya vumbi, na jua linapotua huzungukwa na mwanga wa samawati: kinachotawanya mwanga wa jua ni vumbi jepesi, wala si hewa nene kama yetu. Mvua ya kulituliza vumbi hilo hakuna. Mwaka 2018 lilitanda sayari nzima, likalifunika jua, na gari la Opportunity, lililokuwa likitumia umeme wa jua tangu 2004, likanyamaza kabisa.

Je, ilikuwa hivyo tangu mwanzo? La. Kutu yenyewe inatuhoji. Kutu inahitaji maji, na mwaka 2025 watafiti walieleza kwamba vumbi la Mirihi linalingana vizuri zaidi na aina ya kutu iitwayo ferihidraiti, ambayo hufanyika penye maji baridi. Angalia pia kokoto. Kokoto za Mto Ngong unaopita pembeni mwa Kibera zimekuwa duara kwa sababu maji huzigonganisha safari nzima. Mwaka 2012 Curiosity ilipiga picha za kokoto za duara zilizoshikamana katika mkondo wa kale. Anayesema mabonde ya Mirihi huenda yalichongwa na lava au upepo ana haki ya kuuliza, kwani lava kweli huchonga njia. Ila lava haisuguani na mawe ikayafanya kokoto laini, na upepo hauwezi kubeba kokoto za ukubwa ule. Lile jiwe la kwanza kutobolewa lilikuwa tope la chini ya ziwa lililogeuka mwamba. Gari la Perseverance, lililotua tarehe 18 Februari 2021 katika shimo la Jezero, lilipelekwa hapo kwa sababu mto wa kale ulimwaga mchanga wake ziwani na kuacha delta, kama Mto Tana unavyofanya unapoingia Bahari ya Hindi.

Pengine utauliza tunajuaje haya yote bila mtu hata mmoja kufika huko. Jibu moja liko hapa hapa Afrika. Tarehe 3 Oktoba 1962 kimondo chenye uzito wa kilo 18 hivi kilianguka katika shamba la mahindi huko Zagami, kaskazini mwa Nigeria. Gesi iliyonaswa ndani ya vimondo vya aina hiyo ilipimwa, ikalinganishwa na hewa ya Mirihi iliyopimwa na vyombo vya Viking vilivyotua huko mwaka 1976. Zikafanana. Kishindo cha kale kiliyarusha mawe hayo angani kutoka Mirihi, jambo ambalo ni rahisi zaidi katika sayari yenye uvutano dhaifu, nayo yakatangatanga mpaka yakakutana na Dunia. Roboti na jiwe la shambani, kila kimoja kikiwa na njia yake, vinatoa habari ileile.

Hapo zamani, basi, Mirihi ilikuwa na hewa nene ya kutosha kuruhusu mito. Ilikwenda wapi? Sehemu yake iliingia kwenye miamba na barafu, na sehemu kubwa ilitoroka. Chembe za hewa hazitulii, huruka huku na huko, na zile zilizo juu kabisa zikipata mwendo wa kutosha huenda zisirudi. Sayari ndogo ina mkono dhaifu wa kuzirudisha. Zaidi ya hapo, Dunia ina kiini chenye chuma kilichoyeyuka na kinachozunguka, na mzunguko huo hutengeneza uga wa sumaku unaokinga sehemu ya upepo mkali wa chembe zitokazo kwenye Jua. Kiini cha Mirihi kilipoteza mzunguko huo takriban miaka bilioni 4 iliyopita, sumaku ikazimika. Chombo cha MAVEN, kilichofika mwaka 2014, kilipima argoni. Argoni ni gesi isiyoshikana na kitu chochote, haiwezi kujificha ndani ya mwamba, hivyo ikipungua ni lazima iwe imetoroka angani. MAVEN ilikuta argoni nyepesi imepungua mno ikilinganishwa na ile nzito, na hesabu ikaonyesha kwamba theluthi mbili hivi ya argoni yote imekwenda. Chombo cha Umoja wa Falme za Kiarabu, Al-Amal, kilichoanza kuizunguka Mirihi Februari 2021, kimekuwa kikitazama haidrojeni na oksijeni zikipepea juu ya sayari hiyo.

Kuna mapingamizi mazito zaidi, na hoja isiyoyakabili haifai kupewa mtoto. La kwanza ni Zuhura, jirani yetu wa upande wa Jua, ile nyota ing'aayo kuliko zote jioni au alfajiri. Kipenyo chake ni kilomita 12,104, karibu sawa na Dunia, na bado haikaliki: uso wake una nyuzi 465 hivi, na hewa yake hukandamiza mara 90 kuliko yetu. Tena haina kinga ya sumaku kama yetu, lakini haikupoteza hewa yake. Napokea pingamizi hili kwa sehemu. Linaonyesha kwamba ukubwa pekee haufanyi sayari iwe makao, umbali kutoka kwa Jua nao una neno lake. Linaonyesha pia kwamba kuzimika kwa sumaku hakutoshi kueleza yaliyoipata Mirihi, ijapokuwa vitabu vingi vya watoto huishia hapo. Kwa mintarafu ya kushika hewa, hata hivyo, Zuhura ni shahidi wangu. Ni kubwa, mkono wake una nguvu, na hewa yake ipo.

La pili ni gumu zaidi. Titani, mwezi wa sayari ya Zohali, una kipenyo cha kilomita 5,150 tu, ni mdogo kuliko Mirihi, na bado hewa yake hukandamiza karibu mara moja na nusu kuliko yetu. Udogo wake haukuuponza kwa sababu ya baridi. Titani uko mbali sana na Jua, nyuzi 179 chini ya sifuri, na chembe za gesi iliyopoa hivyo huenda polepole mno kiasi kwamba hata mkono dhaifu waweza kuzizuia. Mirihi ilikuwa ndogo mahali ambapo Jua bado lina nguvu ya kuchangamsha hewa na kuipokonya. Kwa hiyo nirekebishe kauli: ukubwa unaohitajika hutegemea mahali sayari ilipo.

Wengine husema kisa chote ni umbali, kwamba Mirihi ni baridi na kavu kwa kuwa hupata mwanga wa Jua usiofika hata nusu ya wetu. Lakini mito yake ilitiririka miaka zaidi ya bilioni 3 iliyopita, wakati Jua lenyewe lilikuwa changa na mwanga wake ulikuwa pungufu kwa kama robo kuliko wa leo. Mirihi ilikuwa mbali vilevile, mwanga ulikuwa mdogo zaidi, na maji yalitembea. Umbali haukubadilika. Kilichobadilika ni blanketi la hewa, na volkano zilizokuwa zikilishona upya zilipungua kadiri sayari ilivyopoa ndani.

Limebaki swali ambalo watoto huliuliza kuliko yote: je, hatuwezi kuitengeneza hewa hiyo upya, tuhamie? Wapo matajiri na wahandisi wanaoitamani sana siku hiyo. Mwaka 2018 Bruce Jakosky na Christopher Edwards walikadiria kaboni dioksidi yote inayoweza kufikiwa kwenye barafu, udongo na miamba ya Mirihi. Walipata kwamba hata ingefunguliwa yote, hewa isingefika sehemu moja ya kumi ya yetu. Mtu anaweza kudhani shida ni kwamba hewa mpya ingetoroka, lakini kutoroka huchukua mamilioni ya miaka, na binadamu asingejali. Shida ni kwamba gesi iliyokwisha kuondoka haipo tena ya kukusanywa. Kwa hiyo atakayeishi huko, hata akiwa mtoto wa leo wa gredi ya nne pale Highrise, ataishi ndani ya nyumba iliyofungwa kabisa, akitengeneza pumzi yake kwa mashine. Mashine ya kwanza ya aina hiyo, MOXIE, ilisafiri ndani ya Perseverance, na kati ya 2021 na 2023 iliwashwa mara 16, ikitoa oksijeni kutoka kaboni dioksidi ya Mirihi. Jumla iliyopatikana ni gramu 122. Mtu mmoja huhitaji zaidi ya gramu 800 kwa siku.